Skii za Mti wa Uani

Oktoba 4
Leo tumeuangusha mti wa uani. Nimeliandika kwanza ili nisiendelee kulizunguka. Ulikuwepo kabla ya nyumba na kabla ya karakana, na marehemu baba alituchapa tukiuvunja hata kijiti. Lakini miaka hii ya karibuni majani yalikuwa yakinyauka katikati ya kiangazi, ugonjwa ule ule uliomaliza miti ya aina yake bonde zima, na juzi upepo uliangusha tawi juu ya paa. Gunleik akawasha msumeno bila kuniuliza. Mimi ni dada yake mkubwa na karakana ya skii, mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, ni yetu sote wawili, ila mdogo wangu huyu huuliza akishamaliza.

Jirani yetu Tallak alikuja kutazama, mikono mfukoni.

"Mti wa uani haukatwi, Torbjørg. Unajua mwenyewe."

"Umekufa, Tallak."

"Hata bibi yangu alikufa. Hatukumkata."

Nilicheka peke yangu. Gunleik alikuwa amepiga goti kando ya shina, anaupapasa mti pale ulipokatwa. Katikati umeoza, lakini upande wa kaskazini ni mzima na una mistari yenye mawimbi mazuri sana. Akasema, "Hapa zinatoka skii, dada." Akainuka, akajifuta macho. Nilidhani ni vumbi la msumeno.

Oktoba 10
Nimeanza kuchana vinia, karatasi nyembamba za mbao za kufunika skii. Mti ukichanwa mwembamba namna hii unaweza kuona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu ujana. Gunleik hujenga skii yenyewe, kiini cha mbao, kingo za chuma, kitambaa cha nyuzi za kioo, na gundi ya maji mawili yanayochanganywa, inayoshika vyote pamoja ndani ya presi, mashine ya kubana. Mimi huivisha juu. Vipande viwili vilivyokaa jirani ndani ya mti navifungua kama kurasa, kimoja skii ya kushoto, kingine ya kulia, ili mawimbi yatazamane. Gundi siigusi. Sijawahi kuipenda.

Oktoba 16
Åsne amefika. Mtoto wa Gunleik, mtoto pekee wa nyumba hii, maana mimi sikujaliwa. Mama yake alimchukua akiwa na miaka tisa, kwa sababu ya pombe, na alikuwa na haki. Gunleik aliiacha pombe baadaye, wakati hakuna tena aliyekuwepo kumpongeza. Sasa binti ana miaka ishirini na sita na ameacha kuendesha basi huko Bergen.

"Nimechoka kubeba watu wasionisalimu," alisema. "Shangazi, nimekuja kujifunza. Baba akizeeka, karakana naishika mimi."

"Baba hajazeeka," Gunleik akasema.

"Basi nitakaa nisubiri." Akacheka, akamshika bega. Nilimwona Gunleik anavyosimama bila kujitikisa, mtu anayeogopa ndege asiruke.

Oktoba 17
Mvua.

Oktoba 29
Theluji ya kwanza. Åsne anajua kazi. Ana mkono mtulivu, haharakishi kitu, akikosea anacheka. Leo amepaka gundi skii nzima mwenyewe.

"Shangazi, hapa ndani panakaba. Nifungue dirisha?"

"Dirisha la karakana halifunguliwi mpaka masika. Gundi inataka joto."

"Nani kasema?"

"Babu yako."

Babu yake alisema hivyo kwa sababu alitumia gundi ya ngozi, ile inayochemshwa, ikipoa kabla ya kubanwa kazi yote imeharibika. Gundi imebadilika, sheria imebaki. Na mikono tunaosha kwa kiyeyusho cha rangi, kama baba alivyoosha. Sikuwahi kufikiri neno lolote juu ya hilo.

Novemba 8
Gunleik amekuwa mkali. Anakula chumbani. Macho mekundu, yamevimba asubuhi, mikono ya shati ameshusha mpaka vidoleni hata akiwa kando ya jiko la kuni. Nilimuuliza kama ni mafua. Akasema ndiyo. Mafua ya wiki tatu?

Novemba 12
Amekwenda mjini kununua chuma cha kingo. Amerudi bila chuma.

Novemba 19
Leo amemfukuza Åsne karakana. Mtoto alikuwa anachanganya gundi, ameinamia kopo, anajikuna kifundo cha mkono. Alisema ni sufu ya sweta. Gunleik alimnyang'anya kopo, akalitupa lote na gundi yake ndani ya pipa.

"Toka. Huna mkono wa kazi hii."

"Jana ulisema ninao."

"Jana nilikuwa nakufurahisha. Toka!"

Nilimfuata baadaye nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni. Kwamba amepewa mtoto mara ya pili, watu wengine hawapewi hata mara moja. Kwamba ana roho ya jiwe. Alinisikiliza huku anapanga patasi zake kwa ukubwa, kisha akasema, "Umemaliza, dada?" Nikamwambia sijamaliza. Nikaondoka kwa sababu nilikuwa nimemaliza.

Novemba 30
Tallak alinisimamisha dukani, kati ya viazi na maziwa.

"Sitaki kuingilia ya watu."

"Basi usiingilie."

"Nimemwona mdogo wako mjini. Duka la pombe la serikali. Alitoka na mfuko."

"Labda anamnunulia mtu."

"Nani? Wewe?"

Nimerudi na mkate, nimesahau vingine vyote. Lisemwalo lipo. Macho mekundu, hasira, kula peke yake, kupepesuka kidogo akipanda ngazi. Nimeishi na mlevi miaka mingi, nikashindwa kumtambua aliporudi.

Desemba 6
Chupa tupu ya akevit, pombe kali yenye kisibiti, ndani ya taka za randa. Haikufichwa hata vizuri.

Desemba 14
Chupa ya pili. Åsne ndiye aliyeiona. Aliiweka mezani, mahali anapokaa baba yake, kama mtu anayeandaa sahani. Jua halifiki bondeni sasa, linapita nyuma ya mlima, tunawasha taa tangu saa nane mchana.

Desemba 23
Tulikuwa na uji wa wali, lozi moja ya bahati imefichwa ndani kama kawaida ya jioni hii, Åsne aliupika mwenyewe. Gunleik alichelewa. Alipoingia, sweta lake lilinuka kisibiti na pombe, nyumba nzima ikanuka. Alijikwaa kwenye kizingiti alichokiruka tangu utoto.

Åsne alishusha kijiko.

"Mama aliniambia nisije. Aliniambia, mlevi hutulia akiwa peke yake, ukimpa mtu wa kumtazama atakunywa."

"Mama yako ana akili," Gunleik akasema.

"Nilimbishia. Nilimwambia baba amebadilika. Nimeacha kazi, nimeacha nyumba. Unajua hata nilikuwa nikimwambia dereva mwenzangu, 'Baba yangu anatengeneza skii nzuri kuliko zote mkoa wa Telemark'?"

Gunleik akatafuta lozi ndani ya uji wake kwa kijiko, taratibu.

"Niambie kitu, baba. Kitu chochote."

"Uji una chumvi kidogo."

Åsne akasimama. Maneno aliyomwambia kisha siyaandiki, si kwa sababu yalikuwa ya uongo. Mwisho alisema hatamwita baba tena mbele ya mtu yeyote. Nilikuwa upande wake. Nilimsaidia kukunja nguo. Kwenye ngazi nilimwambia ndugu yangu, "Ungekufa wewe tungelia na ingekwisha. Hii haiishi."

Desemba 24
Tallak alimpeleka Åsne stesheni asubuhi. Hakuangalia nyuma, na Gunleik hakutoka.

Mchana, giza linaingia, nilichukua kikombe cha bia ya Krismasi nikaenda kwenye kisiki. Mti wa uani hupewa bia mkesha wa Krismasi, shina linamwagiwa, mama alifanya hivyo na mama yake pia. Mti haupo, lakini mizizi ipo, na mimi nilihitaji kufanya kitu kimoja sawasawa siku ya leo.

Theluji kuzunguka kisiki ilikuwa na mashimo. Membamba, ya kina, yaliyoyeyushwa kwa kumwagiwa kitu, mengine yamegandia tena juu. Nilichota theluji ya pale nikaipasha kiganjani mpaka ikawa maji. Ilinuka kisibiti. Nikachota upande wa pili, kisibiti. Pombe ya chupa zote mbili ilikuwa pale. Mti ulikunywa kila tone.

Sikumwaga bia. Niliinywa mwenyewe palepale, nimesimama, kisha nikaenda karakana.

Gunleik alikuwa amekaa juu ya kigoda bila taa.

"Mdogo wangu, vua shati."

"Baridi."

"Vua."

Nikawasha taa, nikaitazama ile mikono. Kuanzia vidole mpaka juu ya viwiko ilikuwa nyekundu, imepasuka, inatoka maji, mahali pengine ngozi imekuwa ngumu na kufanya magamba. Shingoni vilevile.

"Tangu lini?"

"Kiangazi. Daktari aliniambia Novemba, siku ile ya chuma. Ni gundi. Mwili ukishaikataa, umeikataa, haukatai leo ukakubali kesho. Kila nikiigusa itakuwa mbaya zaidi ya jana, na sasa imeingia kifuani. Mwisho wake ni pumzi."

"Na ukaona heri tukuite mlevi?"

"Ulimwona Åsne anavyojikuna mkono?"

"Sufu."

"Mimi pia nilisema sufu, dada."

Nikakaa. Akaongea akitazama presi, si mimi.

"Nikimwambia ni gundi, atafanyaje? Atasema, 'Kaa baba, mimi nitashika.' Unamjua. Kile kichwa ni cha nani?"

"Chako."

"Basi. Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kumtoa yule ndani ya nyumba hii. Nilimfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo."

Nilimwambia kuna glovu, kuna barakoa, tutafungua dirisha. Akageuka akalitazama dirisha lile lililofungwa kila baridi tangu enzi za baba, halafu akanitazama, na nikaona aibu kana kwamba nilikuwa nimelishikilia kwa mikono yangu mwenyewe. Akanifanya niape kwamba Åsne hatajua. Nikaapa. Nilikuwa nimemwambia jana afadhali afe, na sikupata namna ya kulirudisha lile neno, kwa hiyo niliapa.

Januari 3
Digrii ishirini na sita chini ya sifuri. Kimya.

Januari 9
Mficha maradhi kilio humfichua. Nimemwambia hivyo kila siku tangu Krismasi. Nimemwambia aache, tufunge, tuseme ukweli. Anataka jozi moja tu. Kila mtoto wa nyumba hii hupewa skii na baba yake anapofika kimo cha rafu ya juu ya karakana, na Åsne alipofika kimo hicho alikuwa Bergen kwa mama yake. Anataka kuzitengeneza kwa mti wa uani, azipeleke kwa posta bila jina.

"Niache nipake gundi mimi."

"Wewe ni wa kuvisha. Mmoja wetu abaki na mikono."

Januari 15
Tumefungua dirisha. Gundi inachukua siku mbili kukauka badala ya moja, hilo ndilo lote lililotokea. Kumbe hilo tu ndilo lingetokea miaka yote.

Januari 22
Nimechagua vinia. Kuna kipande chenye fundo dogo karibu na ncha, pale tawi la chini lilipokuwa, na kipande pacha chake kina fundo lile lile upande wa pili. Nimeyapanga yatazamane. Nimeunga kwa utepe, nimepiga pasi, nimelia kidogo, nimeunga tena.

Januari 30
Skii ya kulia imetoka kwenye presi. Ni nzuri. Sijaona nzuri kama hiyo na nimeona nyingi. Gunleik hawezi kupanda ngazi bila kusimama katikati.

Februari 5
Åsne hajapiga simu. Nilipiga mimi, nikamuuliza hali ya hewa ya Bergen. Mvua, akasema. Amerudi kwenye basi. Nikamuuliza kifundo cha mkono. "Kimepona siku nyingi, shangazi, mbona unauliza?" Nikasema naulizia sweta, kama bado linawasha. Nimekuwa mwongo mzuri.

Februari 11
Nilikuwa jikoni, nachemsha viazi. Kitu kilichonifanya nitoke si kelele. Ni kwamba kikohozi chake, nilichozoea kukisikia kutoka karakana, kilikuwa kimenyamaza.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Alikuwa amelifunga kwa sababu skii ya kushoto ndiyo ya mwisho na hakutaka baridi iiharibu. Barakoa imening'inia sikioni. Alikuwa amepiga magoti, ameshika mkono wa presi kwa mikono miwili, midomo ya buluu, kifua kinapanda lakini hewa haiingii. Nilipomshika alitikisa kichwa kuelekea presi na kutoa neno moja: "Usiifungue."

Nilimwambia nitaipasua kwa shoka. Nilimburuta mpaka nje, mtu mkubwa vile, nikamkalisha kwenye theluji, nikapiga simu, nikampigia na Tallak. Tallak alikuja na trekta lake, akaisafisha barabara yote mpaka njia kuu ili gari la wagonjwa lipite, kwa shati la ndani tu, bila koti. Sitamsema vibaya tena kwa mwaka mzima. Tulipokuwa tunasubiri Gunleik alikuwa amenishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akinishika tukienda shule, na kila pumzi ilimtoka kwa mluzi. Nilimwomba Mungu, na baba, na hata kile kisiki pale mbele yetu. Nilisema, nilikosea, simtaki afe, nilisema neno la hasira.

Gari likaja. Hawakuniruhusu kupanda naye, nafasi haikutosha. Nilirudi ndani, viazi vimeungua, na nikaenda kukaa karibu na presi mpaka muda wake ulipokwisha, kwa sababu aliniagiza.

Februari 13
Ataishi. Daktari amesema hatavuka tena kizingiti cha karakana, hata ikiwa tupu, kwa kuwa vumbi lenyewe lina gundi. Mapafu hayatarudi yalivyokuwa.

Skii ya kushoto imetoka safi.

Februari 14
Åsne amepiga. Tallak amemwambia baba yake yuko hospitali, na Tallak hajui zaidi ya hapo.

"Ni pombe, shangazi?"

Kiapo kilikuwa pale, na kifundo cha mkono kilichopona kilikuwa pale.

"Bado wanampima," nikasema.

"Basi ni pombe." Akakata simu.

Februari 25
Gunleik yuko nyumbani. Anakaa dirishani, anatazama karakana. Skii nimeziegemeza kwenye ukuta wa sebule, ameziomba zikae hapo kwanza. Hazungumzii kuzipeleka. Mara mbili nimemkuta amesimama, koti mkononi, kisha anakumbuka, anakaa tena.

Nikisema ukweli, binti atakuja mbio, na atashika mkono wa presi kabla hajavua viatu. Nisiposema, huyu atakufa siku moja kwenye kiti hiki akiwa mlevi. Nimejaribu kufikiri kama kuna njia ya tatu na nimekuwa nikiiona kila nikiangalia nje, ila sikutaka kuitazama.

Machi 3
Nimeandika barua kwa karakana moja upande wa pili wa milima. Wanataka presi.

Machi 9
Nimemwambia Gunleik. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza tu, "Na wewe utavisha nini?"

Nina miaka sitini na moja, na tangu nimalize shule sijafanya kazi nyingine yoyote.

Machi 12
Vijana wanne na lori. Presi ilikuwa nzito kuliko walivyodhani, wakaondoa mlango na fremu yake. Niliwaambia wafungue madirisha kule kwao, wavae glovu, wasioshe mikono kwa kiyeyusho. Mkubwa wao alisema, "Sawa, mama," kwa sauti ambayo mimi ningemjibu nayo mama yangu. Nikamshika mkono, nikarudia tena yote tangu mwanzo, mpaka akaacha kutabasamu.

Sakafuni pamebaki mahali peupe, pembe nne. Nimefagia pande zote, pale sikufagia.

Machi 13
Nimempigia Åsne.

"Tumeuza presi."

"Mmeuza nini?" Sauti ilipanda. "Shangazi! Mlijua naitaka. Hata baada ya yote yale nilikuwa nasema labda siku moja, labda akishakufa. Mlijua!"

"Tulijua. Ndiyo maana."

Kisha nikamwambia. Nilisimulia vibaya, nilianzia mwisho, nikarudi kwenye mikono, nikaruka mpaka kisiki na mashimo ya kisibiti, sweta alilolimwagia mwenyewe, kopo alilolitupa siku ile mkono unamwasha. Hakunikatiza hata mara moja.

"Mngeniambia ningekuja siku hiyo hiyo."

"Ndiyo maana hatukukuambia."

"Nilimwambia maneno, shangazi. Pale mezani. Uliyasikia."

"Aliyataka."

"Usiseme hivyo." Alikuwa analia sasa. "Yuko wapi?"

"Hapa hapa dirishani. Anajifanya hasikii."

"Mpe simu."

Nikampa. Aliishika kwa mikono yote miwili, ile mikono, akaiweka sikioni. Nilichosikia ni kupumua tu, yeye na mluzi wake. Nikachukua kikapu nikatoka kuleta kuni. Kikapu kilijaa mapema, lakini nilikaa huko nje nikizipanga upya zile zilizobaki, mpaka vidole vikafa ganzi.